Kitenzi “get”: mwongozo kamili wa kukielewa na kukitumia

Fungua kamusi yoyote kubwa ya Kiingereza kwenye herufi G na utakuta “get” imetandaza maana zake safu baada ya safu: kupata, kupokea, kununua, kuleta, kufika, kuwa, kuelewa, kuugua, kukamata, kushawishi. Anayeamua kuzikariri zote huchoka kabla ya katikati, na akifika mwisho, mwanzo umeshamtoka. Orodha hizo zimepangwa kwa ajili ya mtu ambaye Kiingereza tayari anacho.

Njia nyepesi zaidi ni kuacha kuikodolea macho “get” yenyewe na kutazama kilichokaa mara baada yake. Ni jina la kitu? Ni sifa? Ni mahali? Ni kitenzi kingine? Kifuasi hicho ndicho kinachoamua maana karibu mara zote, na mwongozo huu unakwenda kifuasi kimoja baada ya kingine. Mswahili anaingia kwenye kazi hii na mtaji mzuri, yaani kitenzi chake mwenyewe “kupata” na kauli zake zote: kupatia, kupatana, kupatikana. Mtaji huo utatusaidia sana, isipokuwa pale unapotuponza, nako tutafika.

Anza na maumbo yake

Wakati uliopita ni “got”, hakuna “getted”. Umbo la tatu, lile linalokaa baada ya “have”, ni “got” kwa Waingereza na mara nyingi “gotten” kwa Wamarekani. Kuna walimu wanaosema “gotten” ni Kiingereza kilichoharibiwa na Wamarekani. Si kweli. Ni umbo la kale lililovuka bahari pamoja na wahamiaji, kisha likafifia huko huko Uingereza lilikotoka, na Waingereza wenyewe hadi leo wanasema “forgotten” bila kuona haya. Shule za Tanzania na Kenya hufuata mtindo wa Uingereza, kwa hiyo kwenye mtihani baki na “got”. “Getting” huandikwa kwa t mbili.

Kwa Mmarekani maumbo haya mawili yamegawana kazi. “I've got a job” ni nina kazi. “I've gotten a job” ni nimepata kazi. Ya kwanza inaeleza ulichonacho mkononi, ya pili inaleta habari.

Hapo tayari tumegusa “have got”, ambayo haina kupata ndani yake hata kidogo. “She's got two children” ni ana watoto wawili, basi. Ile 's ni “has”, na ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu katika “he's getting” 's hiyo hiyo ni “is”. “He's got a fever”, ana homa. “He's getting a fever”, homa inamwanza. Na matumizi haya ni ya wakati uliopo. Ukitaka kusema ulikuwa na gari, sema “I had a car”.

“Have got to” ni lazima: “I've got to go”, lazima niende. Ondoa “have” uone kinachotokea: “I got to go” ni nilipata nafasi ya kwenda. Katika mazungumzo ya haraka ile 've humezwa kabisa, hivyo sentensi mbili zenye maana zilizo mbali hivi husikika sawa. Mtu anayeokota mkoba wake huku akitazama saa anasema ya kwanza. Anayesimulia kuhusu safari yake anasema ya pili.

Kifuasi kikiwa jina la kitu

Hapa ndipo “get” na “kupata” wanatembea bega kwa bega, kwa hiyo sitakaa sana. “I got a letter”, nimepata barua. “Where did you get those shoes?”, umevipata wapi viatu hivyo? Angalia kwamba katika lugha zote mbili swali hilo limefichwa kidogo kwa adabu: halimlazimishi mtu kusema kama amenunua, amepewa, au ameazima. Magonjwa nayo yamo: “get malaria”, “get a cold”. Usafiri pia: “get the seven o'clock bus” ni kulipanda basi la saa moja asubuhi, na usisahau ile tofauti ya saa sita kati ya saa yao na yetu. Simu ikiita au mtu akibisha hodi, anayesema “I'll get it” anajitolea kupokea au kufungua mlango.

Kukiwa na majina mawili yaliyofuatana, la kwanza likiwa la mtu, uko kwenye kauli ya kutendea. “Get me some water” ni niletee maji. “She got him a shirt” ni alimnunulia shati. Kiambishi -e- au -i- ambacho sisi tunakipachika ndani ya kitenzi, wao wanakionyesha kwa mpangilio wa maneno tu, au kwa “for”: “She got a shirt for him.” Ila “Get me some water” peke yake ni amri kavu, ya bosi kwa tarishi. Kwa mtu mzima mwenzako sema “Could you get me some water, please?” Marekani utasikia pia wateja mgahawani wakisema “Can I get a coffee?” Ni sawa na kusema naomba kahawa, wala hakuna anayejitolea kwenda kuichukua mwenyewe jikoni.

Kikomo cha njia hii ni hiki: “get” ikifuatwa na jina haimaanishi kuwa. “He became a doctor”, akawa daktari, yaani alisomea akahitimu. “He got a doctor” maana yake alimtafuta daktari akampata. Kosa hili ni la kawaida sana kwa wanaojifunza, kwa sababu kwenye sifa, kama tutakavyoona sasa hivi, “get” kweli humaanisha kuwa.

Kifuasi kikiwa sifa: siri ya -na- na -me-

Kama utachukua sehemu moja tu ya mwongozo huu, chukua hii.

Soma jozi hizi polepole. Amechoka: “he is tired”. Anachoka: “he is getting tired”. Amekasirika: “she is angry”. Anakasirika: “she is getting angry”. Amelewa: “he is drunk”. Analewa: “he is getting drunk”. Amevaa: “she is dressed”. Anavaa: “she is getting dressed”. Ameoa: “he is married”. Anaoa: “he is getting married”.

Kiswahili kina kitenzi kimoja na kinabadilisha kiambishi cha wakati. Kiingereza kina sifa moja na kinabadilisha kitenzi kilichoitangulia. Hali iliyokwisha kuingia, ambayo sisi tunaitia -me-, kwao inachukua “be”. Hali ambayo ndiyo kwanza inaingia, yenye -na-, inachukua “be getting”. Kwa hiyo unapotafsiri, usitafute neno la Kiswahili la “get” katika sentensi ya namna hii. Halipo. Limeyeyuka ndani ya kitenzi.

Hapo hapo utaona kwa nini wengi wetu husema “I have tired” na “I have married”. Shuleni tulifundishwa kwamba -me- ni “have”, na kwa vitenzi vya kutenda ni kweli: nimekula, “I have eaten”. Lakini -me- ya hali ni mnyama mwingine. Nimechoka ni “I am tired”. Nimeoa ni “I am married”.

Ukienda wakati uliopita, msaada mzuri ni -ka- ya masimulizi. “Akakasirika, akaondoka” ni “he got angry and left”. Tukio moja lilizaa jingine, na “got” ndiyo inayobeba lile badiliko. Ukisema “he was angry and left”, unaeleza kwamba hasira ilikuwepo tangu mwanzo. Sentensi ni sahihi, ila kisa kimebadilika. Mazoea nayo: hulewa haraka, “he gets drunk quickly”. Amri: vaa, “get dressed”, jiandae, “get ready”.

Hali ya hewa na saa hufuata mkondo huo huo. “It's getting dark”, giza linaingia. “It's getting late”, muda unakwenda. “I'm getting better”, napata nafuu. Kadi za wagonjwa huandikwa “Get well soon”, na tafsiri yake halisi ni ugua pole, ingawa hakuna neno hata moja linalolingana. “Get used to” ni kuzoea, na baada yake huja jina au kitenzi chenye -ing: “I'm getting used to the cold”, “I'm getting used to driving on the right”. Ndugu zetu walioko Minnesota au Toronto watahitaji zote mbili.

Si kila hali inakubali “get”. Kupata usingizi ni “fall asleep”. Chakula kikiharibika ni “go bad”, mtu akipofuka ni “go blind”. Kuugua ni “fall ill” kwa Mwingereza na “get sick” kwa Mmarekani. Haya hayana kanuni, yanazoeleka kwa kusoma.

Kifuasi kikiwa kitenzi kilichotendwa

“Get” ikifuatwa na umbo la tatu la kitenzi, kama “paid”, “fired”, “caught”, mara nyingi uko kwenye kauli ya kutendwa. “He got fired”, aliachishwa kazi. “They got caught”, walikamatwa. “I get paid on the 28th”, nalipwa tarehe 28. Ungeweza kusema “he was fired” na maana ikabaki. Tofauti ni kwamba “got” ni ya mazungumzo na inapenda habari za jambo lililomkuta mtu, liwe jema au baya: kupandishwa cheo, kualikwa, kugongwa, kuporwa. Kwa jambo la kudumu lisilo na msukosuko, “was” ndiyo yake. Jengo “was built”, halikuwa na siku moja ya kupatwa na ujenzi.

Sasa tufike kwenye sentensi ambayo kila Mswahili ameisema au ameisikia: “I was stolen my phone.” Inatokana moja kwa moja na niliibiwa simu, na kwa Kiswahili hiyo ni sentensi safi kabisa: aliyepatwa anakaa mwanzo, kilichoibwa kinafuata. Kiingereza hakiruhusu mpangilio huo kwa “steal”. Asikiaye “I was stolen” anaelewa kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyebebwa. Una njia tatu za kutokea. “My phone got stolen” ndiyo ya kawaida kuliko zote. “I had my phone stolen” nayo ni nzuri. “I got my phone stolen” inakubalika, ingawa masikioni mwa wengine ina harufu ya uzembe, kana kwamba uliiacha mezani ukaenda zako. Ukitaka kubaki na mtu mwanzoni mwa sentensi, badili kitenzi: “I got robbed”, niliporwa, kwa sababu “rob” humshika mtu na “steal” hushika kitu. Vivyo hivyo, alikatwa mshahara ni “he got his pay cut”.

Jirani yake ni aliolewa na Juma. Usiseme “she was married by Juma”, maana atakayekusikia atamdhania Juma kuwa ni kadhi au padri aliyefungisha ndoa hiyo. Sema “she got married to Juma” au, kwa kifupi, “she married Juma”. Kiingereza hakitofautishi kuoa na kuolewa, kwa hiyo Juma naye “got married to” mkewe.

Umbo lile lile la “get” pamoja na kitu na kitenzi kilichotendwa lina kazi ya pili, ya kazi uliyofanyiwa kwa kupenda kwako. “I got my hair cut”, nimenyolewa, kinyozi ndiye aliyekata. Ukisema “I cut my hair”, mkasi ulikuwa mkononi mwako. “I got my car fixed”, gari nimelipeleka kwa fundi. “She got a dress made”, ameshonesha gauni. Ile -esha ya kushonesha na kutengenezesha ndiyo hasa “get” hii. Na kama umegundua kwamba “I got my car fixed” na “I got my car stolen” zina mifupa ile ile, umesoma vizuri. Kinachotofautisha hiari na ajali ni akili ya msikilizaji tu.

Kifuasi kikiwa mahali

“Get” pamoja na mahali ni kufika. “How do I get to Kariakoo from here?” ni nitafikaje Kariakoo kutoka hapa? “Go” inazungumzia mwendo, “get” inazungumzia kuwasili. Kwa hiyo “I went to the bank at three” na “I got to the bank at three” si jambo moja. Wa kwanza huenda alikuta milango imefungwa.

Tahadhari ni moja: usitie “to” kabla ya “home”, “here”, “there”, “upstairs”, “abroad”. “I got home late”, nilichelewa kufika nyumbani. Chukulia kwamba “home” tayari ina -ni yake ndani, kama nyumbani ilivyo nayo. “House” haina, ndiyo maana unasema “get to the house”, na ofisini ni “get to the office”. Maongezi nayo yanaweza kufika au kutofika: “We're not getting anywhere”, hatufiki popote.

Kifuasi kikiwa “to” na kitenzi

“I got to see him before he left.” Nilipata kumwona kabla hajaondoka. Mswahili anaweza kutafsiri hii neno kwa neno na ikakaa. Maana ni kupata nafasi, bahati, au ruhusa. “The children get to stay up late on Fridays”, watoto huruhusiwa kuchelewa kulala Ijumaa. “Get to know” ni kufahamiana na mtu kidogo kidogo.

Tia mtu katikati, na inakuwa kumfanya afanye: “I got the plumber to come”, nilimpata fundi bomba akaja. Ndani yake kuna jitihada, kuomba, kubembeleza, pengine kuahidi chochote kitu. Kama hapakuwa na jitihada yoyote, “get” haifai. Na “to” hiyo ni ya lazima hapa, tofauti na “make” na “let” zisizoitaka: “I made him come”, “I let him come”, lakini “I got him to come”.

Vijineno vinavyofuata: on, off, over, by na wenzao

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Nitataja vile ambavyo bila hivyo hutaweza kuishi, vingine vitakujia vyenyewe.

Vyombo vya usafiri kwanza. Chombo ambacho unaweza kusimama ndani yake ukatembea, kama basi, treni, meli na ndege, kinachukua “get on” na “get off”. Vile unavyovipanda kwa kutanua miguu, kama baiskeli, bodaboda na farasi, navyo ni hivyo hivyo. Gari dogo, teksi na bajaji, ambako unainama na kuingia, ni “get in” na “get out of”. Ukimwambia kondakta “I want to get out” atakuelewa, ila “get off” ndiyo lugha ya kituoni.

“Get up” ni kuamka na kutoka kitandani. “Wake up” ni kufumbua macho tu, na kati ya hizo mbili watu wengine huchukua saa nzima. “Get back” ni kurudi, lakini “get back to someone” ni kumrudia mtu kwa jibu. Ofisi zinapokuambia “We'll get back to you”, wewe endelea kutuma maombi kwingine.

“Get along” au “get on with” ni kupatana, na hapa kitenzi chetu kinapendeza mno: kupata kwa kauli ya kutendana kimetoa maana ile ile ambayo Kiingereza kimeitoa kwa kijineno. “They get along well”, wanapatana vizuri. Ila kupatana bei ni “agree on a price”, usiichanganye. “Get through to someone” ni kumpata mtu kwa simu. Nampigia simpati ni “I can't get through to him”, na ile sauti inayosema mteja hapatikani inahusu jambo hilo hilo.

“Get over” ni kupona ugonjwa au uchungu wa moyo. “Get rid of” ni kuondokana na kitu. “Get away with” haina neno moja la Kiswahili: ni kufanya kosa kisha lisikukute lolote. Aliiba, na hakuna lililompata: “he got away with it”. “What's got into you?” inalingana kabisa na umeingiwa na nini? Na “get by” ni kubangaiza, kuishi kwa kidogo ulichonacho: “We get by.” Kwa lugha, “I can get by in English” ni najua Kiingereza cha kuombea maji.

“Get” yenyewe bila kijineno, ikiwa na “it” au na mtu, mara nyingi ni kuelewa. “I don't get it”, sijaelewa. “I get you”, nimekupata. Sisi pia tunauliza umenipata? tukiwa na maana hiyo hiyo, kwa hiyo hii usihangaike nayo. “Got it” ni sawa, nimeelewa. Lakini “Get lost!” si potea tu, ni potelea mbali, na “Get out of here!” inaweza kuwa amri ya kumfukuza mtu au mshangao wa acha wewe! Tazama uso wa msemaji.

Pale “kupata” inapokuponza

Nimepata ajali si “I got an accident”, ni “I had an accident”. Amepata mtoto si “she got a baby”, ni “she had a baby”. Ya kwanza huacha swali la amemtoa wapi. Kinyume chake, kupata mimba ni “get pregnant”, na hiyo iko sawa. Kupata chai ya asubuhi ni “have breakfast”. Kupata faida ni “make a profit”, kupata hasara ni “make a loss”, kupata aibu ni “be embarrassed”. Sijapata kumwona, kwa maana ya sijawahi, ni “I've never seen him”, haina “get” yoyote. Na kisu kisichopata hakikosi kitu, ni butu: “The knife is blunt.”

Kuisikia nayo ni kazi. Mswahili huelekea kuongeza irabu mwishoni ikawa “geti”, ambalo ni lango. Funga sauti kwenye t na uiache hapo. Mmarekani hulainisha t hiyo ikikaa kati ya irabu, hivyo “get it” husikika kama gerit na “get up” kama gerap. Wakazi wengi wa London huimeza kabisa. “Get you” huwa gechu, na “got to” huwa gata, ndiyo maana utaiona imeandikwa “gotta” kwenye ujumbe wa simu. Kuisoma ni sawa. Kuiandika kwenye barua ya kazi usithubutu.

Tena kwenye barua ya kazi, insha na ripoti, punguza “get” kwa jumla. Cheti “obtained”, barua “received”, hali “became”, safari “arrived”, hoja “understood”. Tanganyika “gained independence in 1961”. “Got” si kosa la sarufi, ila ni nguo ya nyumbani. Ukimaliza kuandika, pitia karatasi yako, zungushia kila “get” duara, na jiulize ni kitenzi gani mahususi kingekaa pale. Ukikosa, iache.

Zoezi

Soma ujumbe huu kwanza bila kutazama maelezo yaliyo chini yake.

“Hi, sorry I didn't get back to you yesterday. I got home late, the bus got stuck in traffic, and my phone got wet. I've got to get it fixed. I got my sister to lend me hers. Did you get the documents? Asha won't sign, she doesn't get why we need two copies. Anyway, I'm getting used to it. Got to go, I'm getting off here.”

“Get back to you”, kukujibu. “Got home”, kufika, bila “to”. “Got stuck”, kutendwa: basi lilikwama. “Got wet”, sifa: ililowa. “I've got to”, lazima, na mara baada yake “get it fixed”, kutengenezesha kwa fundi. “Get” mbili zimekaa karibu na hazina undugu. “Got my sister to lend”, alimbembeleza dada yake akamwazima. “Get the documents”, kupokea. “Doesn't get why”, haelewi. “Getting used to it”, anazoea. “Got to go” imeangusha “I've” yote, kama watu wafanyavyo wakiwa na haraka, lakini ni ile ya lazima, si ya kupata nafasi. Na “getting off” ya mwisho inatuambia jambo ambalo ujumbe haukulitamka: aliyeandika pengine yumo ndani ya basi tena leo, na hakika hakuchukua teksi.